Metro Si Lazima Iwe Chini ya Ardhi

Katika magazeti, redio na vitabu vya Kiswahili, treni za umeme zinazobeba watu ndani ya miji mikubwa kama London, Paris, Moscow na Cairo zimezoeleka kuitwa "treni za chini ya ardhi", na njia zake "reli za chini ya ardhi", huku neno "metro" likizidi kuonekana kando ya majina hayo, hasa katika habari zinazohusu Dubai na miji ya Ulaya. Wasomaji wengi huyapokea maneno hayo kama visawe, yaani maneno tofauti yenye maana moja, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea njia kwa sababu hiyo. Hata hivyo, asili zake ni mbili na maana zake ni mbili: "treni ya chini ya ardhi" hutaja mahali inapopita treni, ilhali "metro" hutaja mji unaohudumiwa na treni hiyo, wala haisemi lolote kuhusu ardhi. Mwandishi au mfasiri asiyeitambua tofauti hiyo hujikuta akiandika kwamba treni ya chini ya ardhi imepita juu ya mapaa ya nyumba, na msomaji makini hubaki akijiuliza lipi ni la kuaminika kati ya hayo mawili.

"Metro" ni kifupi cha "metropolitan", ambalo nalo limetokana na neno la Kiyunani "metropolis", lililoundwa kwa maneno mawili: "meter", yaani mama, na "polis", yaani mji. Kwa Wayunani wa kale, metropolis ulikuwa mji mama, ule ambao watu wake walivuka bahari wakaanzisha miji mingine iliyoendelea kuutambua kuwa mzazi wake, kama Korintho ulivyokuwa mji mama wa Sirakusa katika kisiwa cha Sisilia. Kanisa lililitwaa neno hilo kwa cheo cha askofu wa mji mkuu wa jimbo, na hadi leo Kanisa la Kiorthodoksi, likiwemo la Kenya, lina viongozi wanaoitwa Metropolitan. Baadaye, katika Kiingereza na Kifaransa, maana ikapanuka ikawa mji mkuu, au mji mkubwa pamoja na viunga vyake. Na kwa maana hiyo Wakenya walilisikia mwaka 2008, serikali yao ilipounda wizara ya kuiendeleza Nairobi na maeneo yanayoizunguka. Inafaa kuongeza kwamba metro hii haina udugu wowote na mita, kipimo cha urefu, ijapokuwa Kihispania, Kiitaliano na Kireno cha Ureno huandika yote mawili "metro". Mita imetokana na neno jingine la Kiyunani, "metron", lenye maana ya kipimo. Kiswahili kimebahatika kuyatenganisha kwa tahajia, kwa hiyo msomaji wake hana sababu ya kuyachanganya.

Safari ya neno hilo kutoka cheo cha askofu hadi mlango wa behewa ilianzia London. Katikati ya karne ya 19, mji huo ulikuwa ndio mkubwa kuliko yote duniani, na barabara zake zilikuwa zimefurika magari ya kukokotwa na farasi kiasi kwamba mtu aliyefika kwa treni kutoka mikoani aliweza kutumia muda mrefu kuvuka mji. Tume ya serikali ilikuwa imeamua mwaka 1846 kwamba reli zisiingie katikati ya mji, hivyo vituo vikubwa kama Paddington, Euston na King's Cross vikabaki pembezoni, mbali na eneo la biashara liitwalo City. Charles Pearson, mwanasheria wa halmashauri ya eneo hilo, alipigania kwa miaka mingi wazo la kuviunganisha vituo hivyo kwa reli ipitayo chini ya barabara, akiamini kwamba wafanyakazi wa kipato cha chini wangeweza kuhama vibanda vilivyosongamana mjini na kuishi mahali penye hewa safi iwapo wangekuwa na treni ya nauli nafuu. Alifariki Septemba 1862, miezi michache kabla ya reli hiyo kufunguliwa. Kampuni iliyoijenga iliitwa Metropolitan Railway, yaani Reli ya Mji Mkuu, jina la kawaida kabisa katika mji ambao tayari ulikuwa na Polisi wa Metropolitan tangu mwaka 1829, na tarehe 10 Januari 1863 watu wapatao 38,000 walisafiri katika njia yake ya kwanza yenye urefu wa takriban kilomita 6 kati ya Paddington na Farringdon.

Namna njia hiyo ilivyojengwa ina faida maalumu kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu inaurudisha uhai wa neno "handaki". Neno hilo limetoka katika Kiarabu "khandaq", ambalo maana yake ni mtaro mrefu uliochimbwa, hasa wa kujikinga vitani, na ndiyo maana kamusi zinaendelea kuutaja kwanza mtaro wa askari kabla ya njia ipitayo ndani ya mlima. Kwa sehemu kubwa ya njia, wajenzi wa London hawakutoboa ardhi kama panya. Walichimba mtaro mpana katikati ya barabara, wakajenga kuta za matofali pande zote mbili, wakafunika juu kwa kuba la matofali, kisha wakairudisha barabara mahali pake. Kwa hiyo reli ya kwanza ya aina hii duniani ilikuwa, kwa maana kamili ya neno, handaki lililofunikwa. Kazi hiyo ilibomoa nyumba nyingi za watu maskini, ambao ndio Pearson alitaka kuwasaidia, na Juni 1862 bomba kuu la majitaka lililobeba mto Fleet lilipasuka na kuyafurikisha machimbo.

Ndani ya handaki hilo lilipita gari la moshi, na jina hilo la Kiswahili halijawahi kuwa sahihi kuliko hapo, kwa kuwa injini zilichoma makaa na kutoa moshi na mvuke mahali pasipo na pa kutokea. Mafundi walijaribu kuupooza mvuke kwa kuuelekeza katika matangi ya maji baridi yaliyokuwa kwenye injini, lakini bado ilibidi kuacha sehemu kadhaa wazi ili hewa chafu ipate njia. Njia ilipopanuliwa magharibi mwaka 1868 na kupita katika mtaa wa kitajiri wa Leinster Gardens, nyumba mbili, namba 23 na 24, zilibomolewa, na pengo lililobaki likazibwa kwa ukuta uliojengwa mfano wa nyumba za jirani, wenye nguzo, roshani na milango, huku madirisha yake yakiwa ya kuchorwa kwa rangi tu. Ukuta huo upo hadi leo, na apitaye mbele yake bila kuangalia kwa makini hudhani anapita mbele ya nyumba za kuishi, kumbe nyuma yake ni shimo na reli. Moshi uliondoka mwaka 1905, treni za njia hiyo zilipoanza kutumia umeme.

Umeme ndio uliowezesha kwenda chini zaidi, na ndio uliozaa jina la pili la London. Mwaka 1890 ilifunguliwa reli ya City and South London, iliyopita chini ya mto Thames kwa mahandaki ya duara yaliyochimbwa bila kuivuruga barabara iliyo juu, kwa kutumia ngao ya chuma, yaani silinda kubwa iliyosukumwa mbele hatua kwa hatua huku wachimbaji wakifanya kazi ndani yake kwa usalama na kuta za pete za chuma zikifungwa nyuma yake. Mhandisi aliyeiboresha ngao hiyo alikuwa James Henry Greathead. Mabehewa yalikuwa na vidirisha vidogo vilivyo karibu na dari, kwa kuwa wajenzi waliona kwamba gizani hakuna cha kutazama, na mhudumu ndiye aliyetangaza jina la kila kituo. Mwaka 1900 ikafuata reli ya Central London, iliyotoza nauli moja ya peni mbili kwa safari yoyote, na magazeti yakaibandika jina la "Tube" ya peni mbili, yaani bomba, kwa umbo la mahandaki yake. Hadi leo wakazi wa London husema Tube kwa mfumo mzima, hata kwa zile njia za kale zilizojengwa kama handaki lililofunikwa na ambazo hazina umbo la bomba hata kidogo. Jina rasmi, "Underground", lenye maana ya chini ya ardhi, lilichaguliwa na kampuni zilizokuwa zikishindana pale zilipokubaliana mwaka 1908 kujitangaza kwa pamoja.

Jambo la kushangaza ni kwamba mji uliolizaa neno "metropolitan" kwa reli haukulifupisha kuwa "metro", jina la treni. Kampuni ya Metropolitan ilipotumia kifupi hicho, mwaka 1915, ilikuwa ni katika matangazo ya "Metro-land", jina ililovipa vitongoji vya kijani vya kaskazini-magharibi mwa London ambako ilikuwa ikiwashawishi watu wakanunue nyumba na kusafiri kwa treni zake juu ya ardhi, kati ya mashamba na bustani. Huko neno lilikuwa na maana iliyo kinyume kabisa na shimo.

Aliyelifanya neno hilo kuwa la dunia nzima ni Paris. Kwa miongo kadhaa serikali ya Ufaransa na halmashauri ya mji zilivutana: serikali na kampuni kubwa za reli zilitaka njia mpya iwe mwendelezo wa reli za nchi, ili treni kutoka mikoani zipenye hadi katikati ya mji, ilhali halmashauri ilitaka njia ya wakazi wenyewe, yenye vituo vya karibu karibu na isiyoingiliwa na mtu. Halmashauri ilishinda, na sheria ya tarehe 30 Machi 1898 ikaidhinisha ujenzi. Ushindi huo uliandikwa ardhini kwa namna inayoonekana mpaka sasa: mahandaki yalijengwa membamba, kwa mabehewa yenye upana wa mita 2.4 tu, ili treni za kampuni kubwa zisiweze kuingia kamwe, na treni za mji zikapita upande wa kulia, ilhali treni za reli kuu za Ufaransa kwa kawaida hupita kushoto. Mhandisi Fulgence Bienvenüe alisimamia kazi hiyo, na njia ya kwanza, kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot, ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900, wakati wa Maonyesho ya Dunia yaliyokuwa yakifanyika mjini humo.

Kampuni iliyopewa kazi ya kuendesha treni ilikuwa na jina refu, Kampuni ya Reli ya Metropolitani ya Paris, na juu ya milango ya chuma iliyosanifiwa na Hector Guimard, yenye nguzo zilizojipinda mithili ya mashina ya mimea, liliandikwa neno moja tu: "Métropolitain". Wakazi wa Paris, wenye desturi ya kukata maneno marefu, wakasema "métro", na kifupi hicho kikaenea hata kwa njia za kampuni nyingine, Nord-Sud, iliyoanza kazi mwaka 1910 na ambayo haikuwa na neno hilo katika jina lake. Kampuni hizo mbili zilipounganishwa mwaka 1930, "métro" lilikuwa limekwisha kuacha kuwa jina la kampuni na kuwa jina la kitu. Kutoka hapo lilisafiri likiwa na umbo lake fupi: Madrid ililipokea mwaka 1919, Barcelona mwaka 1924, Moscow mwaka 1935, Lisbon mwaka 1959, Montreal mwaka 1966, Brussels na Washington mwaka 1976. Katika Kirusi, lugha ambayo nomino zake nyingi hubadilika miisho kufuatana na kazi yake katika sentensi, "metro" hubaki vilevile siku zote, kama mgeni ambaye hakuvishwa mavazi ya wenyeji.

Si lugha zote zilizofuata Paris. Budapest, iliyofungua njia ya umeme ya chini mwaka 1896 katika sherehe za miaka elfu moja ya taifa la Hungaria, iliiita Földalatti, yaani ya chini ya ardhi, ingawa njia zake za baadaye huitwa metro. Wajerumani husema U-Bahn, ambapo herufi U ni kifupi cha neno lenye maana ya chini ya ardhi. Waswidi husema tunnelbana, njia ya mahandaki. Na wakazi wa Buenos Aires, waliopata treni hizo mwaka 1913 kabla ya mji mwingine wowote wa Amerika Kusini, husema Subte, kifupi cha neno la Kihispania lenye maana ya chini ya ardhi. Kijapani kina "chikatetsu" na Kichina "ditie", maneno yanayounganisha ardhi na chuma, kwa kuwa katika lugha hizo reli ni njia ya chuma. Marekani nayo ilichagua "subway", njia ya chini, tangu Boston ilipozindua yake mwaka 1897 na New York mwaka 1904. Neno hilo ndilo linalowasumbua wafasiri kuliko yote, kwa sababu huko London "subway" si treni bali ni kivuko cha chini cha waendao kwa miguu, ilhali huko Glasgow, mji wa Uskoti uliomo katika nchi hiyohiyo ya Uingereza, lina maana ya treni inayozunguka mji huo tangu mwaka 1896. Mfasiri akutanaye na neno hilo hana budi kuuliza kwanza liliandikwa wapi.

Wataalamu wa usafiri wamejaribu kuuvuka mvurugano huo wa majina kwa kutoa maelezo ya kitu chenyewe. Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Umma, kiitwacho kwa kifupi UITP, kilichoasisiwa Brussels mwaka 1885, huichukulia metro kuwa mfumo wa reli ya umeme ndani ya mji, wenye uwezo wa kubeba abiria wengi, unaopita katika njia iliyotengwa kabisa na vyombo vingine vya usafiri. Katika maelezo hayo hakuna sharti la kuwa chini ya ardhi. Msingi wake ni njia ya pekee, na mengine yote hutokana na hapo: pasipo makutano na barabara, taa nyekundu, mikokoteni wala treni za mizigo, treni moja inaweza kuifuata nyingine kwa muda mfupi mno. Katika njia ya Victoria ya London hupita treni 36 kwa saa kila upande nyakati za msongamano, yaani moja kila baada ya sekunde 100, na Moscow hufikia sekunde 90. Ikiwa kila treni itabeba watu 1,000, njia kama ya Victoria itapitisha watu 36,000 kwa saa upande mmoja, idadi ambayo njia moja ya barabara yenye magari madogo haiwezi kuikaribia. Kwa sababu hiyo abiria hulipa kabla ya kufika jukwaani, milango ya mabehewa ni mingi na mipana, na sakafu ya behewa hulingana na jukwaa, ili kupanda na kushuka kuchukue sekunde chache tu.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa kuwa tangu mwaka 2016 wanayo mabasi ya mwendokasi yenye njia zake katikati ya barabara ya Morogoro. Wanajua kutokana na uzoefu kwamba kasi ya basi hilo haitoki kwenye injini bali kwenye njia: basi likiwa katika njia yake huyapita magari yaliyokwama kushoto na kulia, na likifika kwenye makutano yenye taa, au njia yake ikivamiwa na bodaboda na magari mengine, hurudi kuwa basi kama mengine. Metro ni njia hiyo iliyotengwa bila hata kutano moja, na treni badala ya basi.

Kwenda chini, basi, ni mbinu mojawapo tu ya kupata njia hiyo. Mji wa kale wenye nyumba zilizobanana hauna ardhi ya kutoa, kwa hiyo huchimba. Mji wenye barabara pana huinua reli juu ya nguzo, na penye uwanda wazi huiacha juu ya ardhi na kuizungushia uzio. Kuchimba ndiko ghali zaidi, na hakuna mhandisi achimbaye pasipo ulazima. Hesabu za dunia zinathibitisha hilo: ni asilimia 45 tu ya Underground ya London iliyo ndani ya mahandaki, na sehemu kubwa ya mfumo uitwao "chini ya ardhi" hupigwa na jua na mvua, njia ya kwanza ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1902, ilipita kwa sehemu kubwa juu ya nguzo za chuma, na New York, yenye vituo 472, ina vingi vilivyo juu ya barabara. Metro ya Montreal, ambayo yote imo chini kwa sababu ya majira makali ya baridi na theluji, ni miongoni mwa chache za aina hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni Dubai. Metro yake ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, na treni zake hazina dereva. Mfanyabiashara aliyetoka Kariakoo au Gikomba kwenda kununua bidhaa Deira huingia kituo cha Union kwa kushuka chini, hupita chini ya ghuba iitwayo Khor inayougawa mji wa kale, kisha treni hupanda ikatokea juu, na kuanzia hapo husafiri kwa kilomita nyingi juu ya nguzo kando ya barabara ya Sheikh Zayed, akiyatazama magari yakiwa chini yake. Katika safari hiyo moja amepita chini na juu, bila kubadilisha treni wala tiketi, na kwa Waswahili waishio Ghuba yote hayo ni "metro". Neno "treni ya chini ya ardhi" lingekuwa kweli kwa dakika chache na uongo kwa safari iliyobaki.

Afrika ilipata metro yake ya kwanza Cairo mwaka 1987. Njia hiyo iliunganisha reli mbili za zamani za vitongoji, ya Helwan upande wa kusini na ya El Marg upande wa kaskazini, kwa handaki lipitalo chini ya katikati ya mji, na hivyo sehemu yake kubwa iko juu ya ardhi. Wamisri huiita "mitru al-anfaq", metro ya mahandaki. "Anfaq" ni wingi wa "nafaq", handaki, neno la mzizi uleule ulioipa lugha ya Kiswahili "mnafiki" na "unafiki", kwa kuwa wanazuoni wa kale wa Kiarabu walimfananisha mtu wa nyuso mbili na mnyama mdogo wa jangwani achimbaye shimo lenye tundu la pili la kutorokea. Katika treni za Cairo mabehewa mawili ya katikati hutengwa kwa wanawake wanaotaka kukaa humo. Algiers ilifuata mwaka 2011. Tunis, kwa upande wake, ina treni ambazo wakazi huziita "métro" tangu mwaka 1985, lakini hizo ni tramu, yaani treni nyepesi za umeme zipitazo barabarani na kusimama kwenye taa pamoja na magari. Hapo neno limezidi kitu. Addis Ababa ilifungua mwaka 2015 reli nyepesi, ambayo kwa sehemu kubwa ina njia yake yenyewe, na kwa haki inasimama katikati ya tramu na metro.

Nchi za Afrika Mashariki hazina metro, lakini zina treni zinazosaidia kuonyesha mpaka wa neno hilo. Treni ya Kenya itokayo Nairobi kuelekea Naivasha, iliyoanza kazi mwaka 2019, hupita ndani ya handaki la Ngong lenye urefu wa takriban kilomita 4.5, na treni ya umeme ya Tanzania iendayo Dodoma hupita katika mahandaki ya milima ya Kilosa. Abiria wa treni hizo huwa chini ya ardhi bila shaka yoyote, lakini hakuna anayeziita metro, kwa sababu kazi yake ni kuunganisha miji na miji. Kwa upande mwingine, treni za mjini zilizoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2012, ambazo wananchi walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo wakaziita treni za Mwakyembe, na zile za Nairobi ziendazo Syokimau, zinafanya kazi ya metro, ya kuwapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, lakini hazina njia ya pekee: hutumia reli zilizojengwa kwa safari za mbali na mizigo, na hukatiza barabara. Hizo ni treni za vitongoji, na jina hilo linazitosha.

Kiswahili kina nyenzo zote za kuyataja mambo haya kwa usahihi. "Reli" ni njia na "treni" ni chombo, hivyo "reli ya chini ya ardhi imeharibika" na "treni ya chini ya ardhi imeharibika" ni habari mbili tofauti. Usemi "chini kwa chini", unaosikika pia kwa treni hizi, una kasoro ya kubeba maana nyingine iliyozoeleka zaidi, ile ya jambo lifanywalo kwa siri, kama biashara ya chini kwa chini, na ni afadhali uachiwe kazi hiyo. "Metro" limekwisha kuingia katika ngeli ya I-ZI bila taabu: metro hii, metro hizi, metro ya Paris, kituo cha metro, na halihitaji alama ya lafudhi ya Kifaransa wala herufi kubwa isipokuwa linapokuwa sehemu ya jina rasmi. Kwa Waswahili wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura, ambao shule zao hufundisha kwa Kifaransa, halina ugeni wowote. Kulikataa kwa sababu ni la kigeni hakuna msingi katika lugha iliyopokea treni, reli, stesheni na tiketi na kuyafanya yake.

Wahariri, wafasiri na walimu waandike "metro" wanapotaja mfumo wa treni za mji zenye njia ya pekee, iwe chini au juu. Majina kama Underground, Tube na Subte wayaache yalivyo yanapokuwa majina ya mifumo ya miji fulani, kisha wayaeleze mara moja. "Treni ya chini ya ardhi" wailinde kwa pale ambapo kuwa chini ndiko kunakohusika katika habari, kama vile mafuriko yanapoingia handakini au raia wanapokimbilia vituoni wakati wa mabomu, kama walivyofanya watu wa London mwaka 1940 na wa Kyiv mwaka 2022. Na kabla ya kuandika kwamba treni fulani hupita chini ya ardhi, waitazame kwanza ramani ya njia yake.